Ilivunjika au Ilivunjwa? Mwisho wa Meli za Serikali katika Maziwa Yetu

1. Utangulizi

Katika mtaa wa Birere, mjini Goma, wako mafundi wanaotengeneza mbabula, yaani majiko ya makaa, kwa mabamba ya chuma yaliyokwisha kutumika mahali pengine. Mengi ya mabamba hayo hutokana na mapipa ya mafuta na mabodi ya magari. Siku moja mwandishi wa makala haya alikuta kwa fundi mmoja bamba lisilofanana na mengine. Lilikuwa nene kupita chuma cha pipa mara kadhaa, limepinda kidogo upande mmoja, na ukingoni mwake palikuwa na safu ya matundu ya ribiti yaliyopangwa kwa kipimo kimoja. Fundi alipoulizwa lilikotoka, alijibu kwa Kiswahili cha hapa kwetu: "Mwalimu, iyi ilikuwa mashuwa ya Leta. Ilikufa."

Kwa msomaji asiyekizoea Kiswahili cha Kivu, inafaa kueleza kwamba Leta ni Serikali, neno lililotokana na Kifaransa cha wakoloni wa Kibelgiji. Mashuwa, tofauti na mashua ya pwani, huweza kuwa chombo cha ukubwa wowote, hata meli. Ama kusema kwamba chombo kimekufa si ajabu. Injini nazo hufa, na redio pia. Lililotushughulisha ni jambo jingine. Katika jibu lile Serikali ilikuwa na chombo, sasa haina, na katikati ya hali hizo mbili hakuna mtu. Chombo kilikufa chenyewe.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi meli za serikali, na hasa zile za kivita, zinavyofikia mwisho wake katika maziwa yetu na katika pwani yetu, na kuonyesha kwamba namna tunavyousema mwisho huo haiachani na swali la nani anawajibika. Hatudai kwamba sarufi ndiyo iliyozamisha meli. Tunachodai ni kwamba sarufi inasaidia kumficha aliyeizamisha, au aliyeiacha izame.

2. Kauli za vitenzi na biashara ya chuma

Mswahili wa pwani husema "chombo kilivunjika" akiwa na maana ya ajali: mwamba, dhoruba, au nahodha aliyelala. Husema pia kwamba fulani "alivunjikiwa na chombo". Kauli hii ya kutendeka haimtaji mtenda wala haimwachii nafasi. Kauli ya kutendwa ni tofauti. Tukisema "chombo kilivunjwa", msikilizaji ana haki ya kuuliza mara moja: na nani? Vivyo hivyo kwa zama na zamishwa, na kwa chakaa na chakazwa. Kiswahili, basi, kina zana zote zinazohitajika ili kutenganisha ajali na tendo. Lakini tukisikiliza jinsi watu wanavyozungumza juu ya mali ya serikali, tutaona kwamba upande mmoja tu wa zana hizo ndio unaotumika sana: meli imechakaa, imeharibika, imezama, imekwisha.

Hata jina la bidhaa yenyewe limetoka upande huo. Wafanyabiashara wa Tanzania na Kenya huiita chuma chakavu, au skrepa. (Mwenye kushika sana kanuni za ngeli angedai kichakavu, lakini soko halikumsubiri.) Hapa Goma, Bukavu na kwingineko katika Kongo neno lililoenea ni mitrai, kutokana na Kifaransa cha Ubelgiji mitraille. Neno hilo lina safari ya kupendeza. Hapo kale lilimaanisha vipande vidogo vya madini. Kisha likawa jina la vipande vya chuma vilivyoshindiliwa katika mizinga ili kuua watu wengi kwa pigo moja, na kutokana na maana hiyo ya pili Wafaransa walipata jina la bunduki ya mtombo. Wabelgiji walituletea maana ya kwanza, ingawa waliileta pamoja na bunduki. Basi mtu wa Goma anayenunua mitrai ya manowari iliyostaafu anatumia neno lililokwenda vitani likarudi.

3. Maji yasiyo na mlango

Ili kuelewa hatima ya meli za maziwa, hapana budi kuanza na jiografia. Meli ya baharini ikizeeka huuzwa, ikaendeshwa au ikavutwa hadi kwenye fukwe za Alang katika India, Chattogram katika Bangladesh, Gadani katika Pakistan, au hadi Aliağa katika Uturuki. Huko hukatwa vipande na mafundi ambao kazi yao ni hiyo tu. Safari ya mwisho inawezekana kwa sababu bahari ni moja.

Ziwa Kivu halina safari hiyo. Liko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na maji yake hutoka kwa mto mmoja tu, Ruzizi, unaoteremka karibu mita 700 kwa maporomoko hadi Ziwa Tanganyika. Juu ya maporomoko hayo kuna mabwawa ya umeme, la kwanza la mwaka 1958 na la pili la mwaka 1989. Ziwa Tanganyika nalo humwaga maji yake kwa mto Lukuga kuelekea Lualaba, lakini si kwa njia inayoweza kupitisha meli hadi baharini. Kwa hiyo meli kubwa ya chuma iliyowahi kuelea kati ya Goma na Bukavu iliingia kwa njia ya nchi kavu, vipande vipande, ikaundwa ufukoni. Ikitaka kutoka, itatoka vilevile vipande vipande. La sivyo itabaki hapa hapa, juu ya maji au chini yake. Na kwa kuwa kina cha Kivu hufika mita 485, kinachozama mbali na ukingo hakitafutwi tena.

4. Meli iliyozamishwa kwa adabu

Mfano ulio bora kuliko yote hauko mbali na Goma, na hata jina lake la kwanza lina uhusiano na mji huu. Gustav Adolf von Götzen, ambaye baadaye alikuwa gavana wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906, alipita Rwanda mwaka 1894, akaupanda mlima Nyiragongo na kufika Ziwa Kivu. Meli iliyopewa jina lake iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani. Ilipokwisha kuundwa ilifunguliwa tena, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kutoka hapo kwa reli hadi Kigoma, ambako reli ilikuwa imefika mapema mwaka 1914. Mafundi watatu wa Papenburg, wakiongozwa na Anton Rüter, waliiunda upya pamoja na vibarua wengi wa Kiafrika na wa Kihindi. Iliteremshwa majini mwezi Februari 1915, wakati vita vimekwisha kuanza, na chombo kilichokusudiwa kubeba abiria na mizigo kikawa manowari. Mmoja wa mizinga yake ulitoka katika manowari Königsberg, ambayo habari zake tutazieleza baadaye.

Upande wa pili Waingereza walileta motaboti mbili ndogo, Mimi na Toutou. Zilifika Cape Town kwa meli, zikapanda treni hadi Fungurume katika Katanga, zikakokotwa kuvuka milima ya Mitumba kwa magari ya mvuke, ng'ombe na nguvu za watu, na hatimaye zikafika Lukuga, ambako sasa ni Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani ya Wajerumani. Ilitengenezwa ikapewa jina la Fifi, na tarehe 9 Februari 1916 ilishiriki katika kuizamisha Hedwig von Wissmann, iliyokuwa mwenzake wa jana. Kurejeleza, yaani kukirudisha kitu katika matumizi, kulianza basi katika ziwa hili mapema sana, ingawa waliofanya hivyo hawakuwa na habari ya mazingira.

Majeshi ya Wabelgiji yalipoikaribia Kigoma katikati ya mwaka 1916, Wajerumani waliamua kuiangamiza Götzen isitekwe. Hapo ndipo tunapoona jambo la kufundisha. Rüter na wenzake waliipaka mitambo grisi nzito, wakaijaza meli mchanga, na tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha taratibu karibu na pwani, mahali ambapo kina chake hakikuzidi mita 20 hivi. Waliizamisha kama mtu anayeweka nafaka ghalani, kwa kutazamia siku ya kuitoa. Wabelgiji waliiopoa baada ya vita, lakini ikazama tena ikiwa imetia nanga. Waingereza, waliokabidhiwa Tanganyika, waliiopoa tarehe 16 Machi 1924, wakakuta mitambo na maboila bado yanafaa. Tarehe 16 Mei 1927 ilianza kazi kwa jina la Liemba. Injini zake za mvuke ziliendelea hadi miaka ya 1970, zilipobadilishwa na za dizeli. Mwaka 1997, baada ya kuanguka kwa utawala wa Mobutu, Liemba pamoja na Mwongozo zilitumiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi kuwarudisha Wakongo zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma. Liemba peke yake ilifanya safari 22 hadi Uvira. Huenda baadhi ya wasomaji wetu, au wazazi wao, walirudi nyumbani katika meli hii ambayo Wajerumani waliileta, Wabelgiji wakaiopoa na Waingereza wakaipa jina jipya.

Tazama vitenzi vya habari hii: iliundwa, ilifunguliwa, iliundwa upya, ilizamishwa, iliopolewa, ilibadilishwa. Karibu vyote viko katika kauli ya kutendwa, na kwa kila kimoja mtenda anaweza kutajwa. Mahali pekee ambapo kauli inageuka ni pale "ilipozama" mikononi mwa Wabelgiji. Hapo hatuna jina la mtu.

5. Magofu ya pwani na ya Butiaba

Pwani nayo ina mifano, mingine mikongwe zaidi. Meli Glasgow iliundwa Uskoti mwaka 1878 kwa ajili ya Sayyid Barghash wa Zanzibar, na ilikuwa chombo cha fahari kuliko cha vita. Manowari za Waingereza ziliizamisha bandarini tarehe 27 Agosti 1896, katika vita ile iliyodumu chini ya saa moja. Kwa miaka 16 milingoti yake na dohani vilionekana juu ya maji mbele ya mji, hadi 1912 gofu lilipovunjwa na kampuni ya uopoaji na sehemu zake kutupwa baharini. Msomaji aone kwamba huo ndio uvunjaji katika maana kamili, wenye mtenda na mwaka, ingawa takataka zake zilikwenda mahali pale pale ambapo takataka za zama zile zilikwenda.

Königsberg ilizamishwa na wanamaji wake wenyewe katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa vibaya na manowari za Waingereza. Mizinga yake 10 ya milimita 105 iliopolewa, ikawekewa magurudumu na kupigana nchi kavu. Leo mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko Pretoria. Mwaka 1924 haki ya kuopoa mabaki ilinunuliwa kwa pauni 200 na John Ingle, aliyekuwa nahodha wa Pegasus, meli ile ile ambayo Königsberg ilikuwa imeizamisha Zanzibar mwezi Septemba 1914. Sijui kisasi kingine kilichokuwa na bei nafuu kiasi hicho. Wapigambizi wake walitafuta kwanza shaba na metali nyingine zenye thamani, kisha haki ikauzwa kwa wengine, na kazi ya kunyofoa iliendelea kwa vipindi hadi miaka ya 1960, gofu lilipoporomoka na kumezwa na tope.

Hapa kuna kanuni ambayo kila mnunuzi wa mitrai anaijua bila kufundishwa. Meli hailiwi kwa usawa. Rafadha, nyaya, mabomba ya shaba na vali huondoka kwanza, kwa kuwa ni vyepesi kubeba na bei yake ni kubwa. Mabamba ya chuma hufuata ikiwa bei inalipa gharama ya gesi ya kukatia. Kinachobaki ni kile kisicho na mnunuzi: mafuta machafu, rangi, na vifuniko vya joto vya maboila.

Robert Coryndon, meli ya serikali ya kikoloni iliyoanza kazi mwaka 1930 katika Ziwa Albert, ikiunganisha Butiaba ya Uganda na bandari za Kongo, ilizama gatini mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakati maziwa yalipofurika. Haikuopolewa. Kwa miongo mingi gofu lake lilisimama ukingoni, likapigwa picha na watalii, hadi katika karne hii lilipokatwa na wachuuzi wa chuma chakavu. Ukilinganisha na Liemba utaona kwamba hazikutofautiana sana kwa chuma. Zilitofautiana kwa kuwa moja iliandaliwa ili iopolewe, na nyingine iliachwa.

6. Sheria inayowaruka wenye sheria

Tangu miaka ya 1980 mataifa yamekuwa yakijadili hatari za taka zinazovuka mipaka. Mkataba wa Basel ulipitishwa mwaka 1989, na nchi za Afrika zikaongeza wa kwao, Mkataba wa Bamako, mwaka 1991. Kuhusu meli hasa, Mkataba wa Hong Kong ulipitishwa mwezi Mei 2009 na kuanza kutumika tarehe 26 Juni 2025. Unadai kwamba kila meli iwe na orodha ya vitu vya hatari vilivyomo, na kwamba ivunjwe katika kiwanda kilichoidhinishwa.

Lakini mkataba huo hauhusu manowari, wala meli nyingine za serikali zisizofanya biashara. Serikali zinaombwa tu zifuate masharti yake kadiri inavyowezekana. Haukugusa pia meli za chini ya tani 500 za ujazo, wala zile zinazotumika maisha yao yote katika maji ya nchi yao wenyewe. Boti ya doria ya Ziwa Kivu imeachwa nje kwa sababu zote tatu. Waliotunga sheria walikuwa serikali, na meli walizozitoa nje ya sheria ni meli za serikali.

Wakubwa nao wameonja matokeo yake. Meli ya Ufaransa ya kubebea ndege, Clemenceau, iliondoka Toulon siku ya mwisho ya mwaka 2005 kwenda kuvunjwa Alang. Kwa sababu ya asbesto iliyokuwamo, mabishano ya mahakamani yalisababisha iamriwe kurudi mwezi Februari 2006, na mwishowe ilivunjwa Hartlepool, Uingereza. Dada yake, Foch, ilikuwa imeuzwa Brazil mwaka 2000 na kuitwa São Paulo. Ilipotakiwa kuvunjwa Uturuki, nchi hiyo iliikataa ikiwa njiani. Ilirudi, ikakosa bandari ya kuipokea, na tarehe 3 Februari 2023 jeshi la wanamaji la Brazil likaizamisha katika Atlantiki. Marekani iliuza Kitty Hawk mwaka 2021 kwa senti moja. Bei hiyo inaeleza mambo vizuri kuliko hotuba. Chuma cha meli kina thamani, lakini kuondoa sumu kwa utaratibu hugharimu karibu thamani yote. Anayelipa kidogo kwa meli na kupata faida kubwa, basi, kuna gharama ambayo amemwachia mtu mwingine.

7. Mtu huyo mwingine

Mtu huyo mwingine, kwa upande wetu, ni nani? Ni mkataji anayeinamia bamba bila barakoa, na rangi yenye risasi inayeyuka mbele ya pua yake. (Kiswahili kinatumia neno moja, risasi, kwa metali na kwa kile kinachotoka katika bunduki. Daktari angesema hakikukosea.) Ni kijana anayebomoa kifuniko cha boila kwa mikono ili afikie bomba la shaba, naye hajui kwamba vumbi lile jeupe ni asbesto, ambayo huua baada ya miaka 20 au 40, wakati hakuna atakayekumbuka meli. Ni pia mama na watoto wanaoteka maji ziwani kwa madumu ya manjano. Sehemu kubwa ya Goma imejengwa juu ya mawe ya volkeno ambayo hayashiki maji wala hayachimbiki visima kwa urahisi. Kwa hiyo ziwa ni bandari, ni dampo na ni kisima cha mji kwa wakati mmoja, na mafuta yanayovuja katika ngama ya chombo kilichoachwa hayana safari ndefu hadi kwenye chungu.

Goma haina tanuri la kuyeyushia chuma cha pua wala cha kawaida kwa wingi. Alumini huyeyushwa na mafundi na kusubiwa sufuria katika kalibu za mchanga. Chuma kizito hupanda malori, na kilichobaki huwa milango, vyuma vya madirisha na mbabula. Si kazi ya kudharauliwa. Baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa Januari 2002, ambapo lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani, watu walijenga upya kwa mabati na vyuma walivyovifukua wenyewe. Tunachokitaka si kuwanyima mafundi chuma, bali kijulikane kimetoka katika nini.

Kwa upande wa istilahi, mwandishi anapendekeza mambo mawili, na yote mawili yanaweza kuanza katika idara za lugha kabla wanasheria hawajaamka. Urejelezaji wa meli na uvunjaji wa meli yatenganishwe: la kwanza litaje kurudishwa kwa chuma kazini, la pili litaje tendo lenyewe la kukata, ambalo ndilo lenye hatari. Na katika hati yoyote ya kukiondoa chombo cha serikali katika daftari, vitenzi kama imechakaa na imezama visikubaliwe peke yake. Baada ya kila kitenzi kifuate kiunganishi "na", na baada ya "na" jina la ofisi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuisahihisha hati ya namna hiyo.

Tulirudi kwa fundi wa Birere wiki iliyofuata. Bamba lilikuwa limekwisha kuwa mbabula tatu, mbili zimenunuliwa. Ile ya tatu ilikuwa imekwaruzwa upande mmoja, na chini ya rangi ya kijivu ya serikali palionekana rangi nyingine, nyekundu ya machungwa, ile ambayo viwanda vya meli vilikuwa vikiipaka kwanza ili kuzuia kutu, na ambayo ilitengenezwa kwa risasi. Tulimwuliza kama ataiondoa kabla ya kuliuza jiko. Akatikisa kichwa, akacheka kwa upole kama mtu anayemwonea huruma mwalimu wake.

"Itatoka yenyewe, mwalimu. Ukiwasha tu moto wa kwanza."